“Maliza Fomu Foo Kwanza” ni Ushauri Mbaya

Mwambie mzazi yeyote, awe wa Kiminini au wa Chwele, kwamba bintiye wa miaka kumi na sita anaweza kuendelea na sekondari huku akichukua somo moja la umeme chuoni. Atakukata kauli: amalize Fomu Foo kwanza. Mwalimu mkuu atasema hivyo hivyo, na mchungaji naye ataitikia. Ukiwauliza sababu wanakuletea mshika mbili moja humponyoka, kana kwamba methali imeshakuwa hoja.

Yatazame basi masharti ya vyuo vyetu. Kozi za ufundi za ngazi ya chini kabisa hazidai cheti cha kidato cha nne. Aliyeishia darasa la nane anapokelewa ajifunze kuchomelea vyuma au kujenga ukuta. Ukipanda hadi kozi za cheti, alama ya D katika mtihani wa kidato cha nne yatosha; ukitaka stashahada, C- inakufungulia lango. Kwa maneno mengine, serikali imeshakubali kwamba kijana wa umri huo ana akili ya kuelewa nyaya, vipimo na michoro. Ila kwanza awe ameachana na shule. Aliyetoroka darasani anakaribishwa karakanani, na aliyevumilia akabaki kwenye dawati lake anaambiwa asubiri miaka miwili au mitatu. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanaona chuo cha ufundi ni adhabu.

Dharau hiyo ina historia. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kitaifa, ambalo leo tunalijua kama NCCK, lilitoa ripoti kuhusu maelfu ya watoto waliokuwa wakimaliza shule ya msingi bila pa kwenda. Kutokana na ripoti hiyo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Nia ilikuwa njema, na vyuo hivyo viliokoa wengi, lakini tangu siku ya kwanza vilibandikwa jina la mahali pa waliobaki nyuma. Jina hilo halijawahi kubanduka. Tumejenga taasisi kubwa tangu hapo: Kitale kuna chuo chenye hadhi ya kitaifa, Bungoma kuna Sang'alo na Kisiwa, Kimilili kuna Matili. Bado mzazi akisikia mwanawe amepangiwa mojawapo anapokea pole za majirani.

Mwaka 1985 tulianzisha mfumo wa 8-4-4, tukaahidi kwamba kila mtoto atashika randa na mwiko. Wazazi wakachangishwa, karakana zikajengwa, na nyingi zikaishia kuwa stoo, maana masomo ya vitendo yalipunguzwa moja baada ya jingine hadi yakaondolewa kwenye mtihani wa darasa la nane. Mwaka huo huo wa 1985, jimbo la Minnesota huko Marekani lilichukua njia iliyo rahisi kuliko yetu. Badala ya kujenga karakana katika kila shule, lilipitisha sheria ya kumruhusu mwanafunzi wa sekondari aende kusoma katika chuo kilichopo, jimbo likamlipia. Jimbo la Washington likafuata mwaka 1990. Wanaofunzwa nyumbani na wazazi wao nao hawakuachwa nje. Hata chuo cha Joliet, Illinois, kilichoanza mwaka 1901 na kuhesabiwa kuwa chuo cha jamii cha kwanza cha umma nchini humo, kilizaliwa ndani ya shule ya upili. Sisemi Wamarekani ndio walimu wetu wa kila jambo. Nasema tu kwamba hicho tunachokiona hakiwezekani kimekuwa kikifanyika mahali pengine kwa miaka arobaini, na mbingu haijaanguka.

Nitaambiwa mtoto atachanganyikiwa. Hoja hii inanichekesha, kwa sababu wanaoitoa ndio hao hao wanaolipia tuisheni ya Aprili, ya Agosti na ya Desemba, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza waziwazi. Mtoto anarudishiwa mada zile zile za Kemia alizofunzwa muhulani, likizo nzima, kinyume cha sheria, na hakuna anayelalamika kwamba anachoka. Akitaka kutumia siku hizo hizo kujifunza kufunga mota ya pampu, ghafla ubongo wake unakuwa mdogo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nami siipuuzi: akionja pesa hatarudi. Wapo waliotoka shule wakapanda bodaboda na hawakurudi tena. Lakini wengi wao hawakuondolewa na ujuzi. Waliondolewa na karo, na hisia kwamba kinachofundishwa darasani hakina uhusiano wowote na maisha ya nyumbani kwao. Hebu fikiria mtoto wa Kitale. Mji wake ndio makao makuu ya Kenya Seed, kampuni ya mbegu iliyoanzishwa mwaka 1956, na ndio ulioipa Kenya mahindi chotara ya H611 mwaka 1964. Katika somo la Baiolojia mtoto huyu anafunzwa urithi kwa njegere za Mendel zilizochorwa ubaoni. Kilomita chache kutoka dawati lake kuna watu wanaopata riziki kwa kuchavusha mahindi. Angekaa nao muhula mmoja, kwa alama zinazotambulika, sidhani kama angeona shule haina maana.

Kisha kuna hesabu ambayo wazazi hawapendi kuifanya. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, ya 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, kati ya zaidi ya 960,000 waliofanya mtihani. Ni kama mmoja kati ya wanne. Anayemwambia mtoto asiguse chochote mpaka amalize Fomu Foo anaweka miaka minne yote rehani kwa bahati ya robo. Na hata huyo mmoja aliyefaulu, akimaliza mtihani Novemba, anakaa nyumbani hadi Agosti au Septemba akipelekwa “kompyuta paketi” na masomo ya udereva ili asizurure. Kumbe tunakubali kwamba kijana anahitaji ujuzi. Tunachokataa ni kumpa mapema.

Walio katika hali ngumu kuliko wote ni wale wanaofunzwa nyumbani. Sheria ya 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh100,000 au kufungwa mwaka mmoja, kwa hiyo familia hizo huishi kwa tahadhari. Unaweza kuupinga uamuzi wao, na mimi nina mashaka yangu. Hata hivyo, mtoto wao hawezi kujifunza majaribio ya Kemia kwenye meza ya jikoni. Maabara ya chuo cha karibu ingemfaa kuliko mahubiri kuhusu umuhimu wa kuvaa sare.

Vikwazo vya kweli vipo. Nauli ni ghali, wakufunzi wamelemewa, na msichana anayerejea jioni kwa matatu ana hatari zake. Haya yana majibu ya kawaida: ratiba za Jumamosi mchana, vikundi badala ya mtoto mmoja mmoja, mwalimu wa kuwasindikiza. Alama nazo zisipotee. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu ya 2014 imeshaweka msingi wa kuhamisha alama kutoka taasisi moja hadi nyingine. Kilichobaki ni kuitumia.

Na ikumbukwe kwamba Fomu Foo yenyewe inaondoka pamoja na mfumo wa 8-4-4. Kundi la mwisho linafanya KCSE mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia sekondari pevu Januari 2026. Miongoni mwa masomo wanayoweza kuchagua mna umeme, useremala, ufundi wa vyuma na ujenzi. Shule za kutwa zisizo na hata benchi moja la seremala ni nyingi, na hakuna anayetarajia zipate karakana kabla ya 2028, wanafunzi hao watakapoketi kwa mtihani wao. Karakana ziko Kitale, na ziko Sang'alo. Bodi ya shule na mkuu wa chuo wanaweza kukaa wiki hii wakaandikiana mkataba wa kurasa mbili: siku gani, wanafunzi wangapi, nani analipia vyuma na nyaya. Atakayekataa kutia saini atueleze, kwa maandishi, anamsubirisha mtoto huyo kwa faida ya nani.