Kujichongea mtumbwi au kumlipa fundi: Chara isiachiwe swali hili peke yake

KILA msimu wa mvua unapokaribia, wakazi wa Chara na vijiji vingine vya nyanda za chini za Mto Tana, eneo la Garsen, hurudi kwenye swali ambalo kwa mgeni huenda likaonekana dogo. Je, mtu ajichongee mtumbwi wake mwenyewe, au ajinyime, akope na kumlipa fundi amuundie chombo cha mbao ama amnunulie boti ya faiba?

Swali hilo si dogo hata kidogo. Kwa mkulima wa mpunga au wa maembe ambaye kijiji chake hugeuka kisiwa mto unapofurika, chombo cha majini ndicho matatu yake, ndicho ambulensi yake na ndicho basi la shule la watoto wake. Akikosea katika uamuzi huo, gharama yake haihesabiwi kwa shilingi pekee.

Ili kulielewa suala hili, ni lazima kwanza tuutazame mto wenyewe. Maji ya Tana hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yakapitia mabwawa matano ya umeme yaliyojengwa kati ya miaka ya 1960 na 1980: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Mvua ikinyesha kwa wingi huko juu, nayo mabwawa yakajaa na kumwaga, mafuriko huteremka hadi Garsen hata kama mbingu za huko ni nyeupe. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, kisha 2018, mwishoni mwa 2023 na tena katika masika ya 2024. Mtu anayeishi mahali kama hapo hawezi kungoja maji yafike mlangoni ndipo aanze kutafuta chombo.

Wanaotetea mtumbwi wa kujichongea wana hoja nzito. Mtumbwi wa gogo hauhitaji petroli wala vipuri. Huendeshwa kwa kafi au kwa upondo, hupita katika maji ya magoti na katikati ya mafunjo ambako mashine ya boti ingenasa. Ukipata ufa, mwenye chombo huuziba mwenyewe kwa kuwa aliyeuchonga anajua ni wapi mti ulikuwa na fundo na ni wapi tezo ilizama kupita kiasi. Zaidi ya hayo, Wapokomo wameishi na mto huu kwa karne nyingi, na ujuzi wa kuchonga mitumbwi ni sehemu ya urithi wao. Kumwambia mtu wa jamii hiyo kwamba hajui chombo ni kumkosea adabu.

Hata hivyo, kujichongea si bure kama inavyodhaniwa. Gogo ni moja na nafasi ya kukosea ni moja. Fundi wa mbao akiharibu ubao mmoja huutupa akachukua mwingine, lakini anayekomba gogo akitoboa chini amepoteza mti mzima pamoja na siku zote alizoutumikia. Mti mbichi ukiachwa juani ovyo hupasuka. Ubavu mmoja ukiwa mnene kuliko wa pili, mtumbwi hulala upande, na kasoro hiyo aghalabu hujulikana chombo kikiwa tayari majini na abiria wakiwa ndani. Katika mto wenye mamba na viboko, hapo si mahali pa kujifunzia.

Isitoshe, miti yenyewe inazidi kuadimika. Misitu ya kandokando ya Tana, yenye mikuyu na miti mingine minene, imepungua kwa sababu ya mashamba, ukataji na mabadiliko ya mkondo wa mto. Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mwaka wa 2012 nyanda hizi za Tana zilikuwa zimeorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Babu aliyeingia msituni na shoka akachagua gogo alilolitaka alikuwa na uhuru ambao mjukuu wake hana. Kwa hivyo, hesabu ya zamani haiwezi kutumika vile vile leo.

Upande wa pili wako wanaosema kazi ya fundi apewe fundi. Hao nao wana haki. Si mbali na Garsen, katika Kaunti ya Lamu, kuna mafundi ambao sifa zao zimevuka bahari. Kijiji cha Matondoni kimejulikana kwa vizazi vingi kwa uundaji wa majahazi na mashua. Fundi wa huko hutandika mkuku, akasimamisha mataruma, akapigilia mbao na kukalafati kwa pamba ili maji yasipenye. Chombo cha namna hiyo hubeba watu na mizigo ambayo mtumbwi wa gogo hauwezi kuistahimili, na huweza kukarabatiwa ubao mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi.

Boti ya faiba nayo ni nyepesi na ina kasi. Wakati wa mafuriko ya 2023 na 2024, boti zenye mashine ndizo zilizotegemewa na waokoaji, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likiwa mstari wa mbele, kuwafikia waliozingirwa na maji. Lakini boti hiyo humfunga mwenyewe kwa kamba ndefu. Mashine ikiharibika, kipuri hakipatikani kijijini na fundi wa mashine hayuko jirani. Petroli ikiadimika kwa sababu barabara ya Garsen imekatika, boti hulala nchi kavu siku ile ile inayohitajika zaidi. Chombo kisichoweza kutengenezwa na wanaokitumia ni msaada wa msimu mmoja.

Kuna funzo ambalo Chara inaweza kuliazima kutoka kwa mashindano ya mashua ya Lamu. Katika mashindano hayo, ushindi ni heshima ya mtaa mzima, na kila timu hutaka chombo chenye mbio kuliko vingine. Lakini mashua ya mashindano huwa na mikono ya fundi na ya mabaharia kwa pamoja. Mwili wa chombo ni kazi ya fundi, kwa kuwa kosa la hapo halirekebishiki katikati ya bahari. Mpangilio wa tanga, uzito wa watu na usomaji wa upepo ni kazi ya nahodha na mabaharia wake, kwa kuwa hakuna fundi awezaye kuyafanya hayo kwa niaba yao. Hapo ndipo mjadala wa kujitengenezea au kulipa unapopata jibu la busara: lipa fundi kwa kile ambacho kosa lake huua, jifunze mwenyewe kile ambacho utakihitaji kila siku.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba fundi ni hirizi. Feri iliyozama Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994 haikuwa imechongwa na mkulima kwa tezo. Ilikuwa ya chuma, lakini ilipakia watu kupita kiasi, na watu 272 waliangamia. Nchini Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilichokuwa na kibali cha kubeba watu 101 kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 200. Na mwishoni mwa Aprili 2024, katika mto huu huu wa Tana, boti iliyokuwa ikivusha watu penye mafuriko ya Kona Punda, kati ya Madogo na mji wa Garissa, ilipinduka na kusababisha vifo. Mikasa hiyo inatukumbusha kwamba baada ya kuuliza ni nani aliyekiunda chombo, ni lazima tuulize ni nani anayekikagua na ni nani mwenye ubavu wa kumwambia abiria wa mwisho abaki ufuoni.

Hapa ndipo serikali inapoingia. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa serikali za kaunti jukumu la feri na bandari, huku usimamizi wa uchukuzi wa majini wa kitaifa na wa kimataifa ukibaki kwa serikali kuu. Halmashauri ya Ubaharia ya Kenya (KMA) ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha vyombo viko salama. Lakini kwa mwenye mtumbwi wa Chara, ofisi iliyo mjini ni mbali kama mwezi. Mkaguzi asipomfuata mwenye chombo mtoni, sheria hubaki karatasini, na abiria hubaki na dua.

Tungependekeza mambo matatu. Kwanza, mstari uchorwe waziwazi. Anayejivusha mwenyewe na ndizi zake aachwe na mtumbwi wake wa kujichongea, mradi ajue mipaka yake. Lakini chombo kinachotoza nauli, au kinachovusha watoto wa shule, kiundwe au angalau kikaguliwe na fundi anayetambulika, kiandikwe idadi ya abiria ubavuni na kiwe na jaketi za kuokolea maisha.

Pili, fedha za kununulia boti ziandamane na fedha za mafunzo. Kaunti ikinunua boti moja pungufu na badala yake ikawapeleka vijana wachache wa Chara kwa mafundi wa Lamu na kwa makanika wa mashine, itakuwa imeacha kitu ambacho mafuriko hayawezi kukibeba. Mafundi hao wamekwisha kuonyesha kwamba si watu wa kale pekee. Mwaka wa 2018, fundi Ali Skanda na wenzake walizindua Lamu mashua ya Flipflopi iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri hadi Zanzibar. Mahali ambapo mikuyu inakwisha, ubunifu kama huo si mchezo.

Tatu, ukaguzi ufanywe kabla ya mvua, vijijini, na bila ada inayomfukuza maskini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa chombo cha majini, hata nafasi ya kuujenga huo ukuta huwa haipo.

Wakenya wana deni kwa watu wa mto huu. Mwaka wa 1963, taifa lilipotafuta wimbo wake, sauti yake ilichukuliwa kutoka kwa wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza watoto, kisha jopo la wanamuziki likaupanga hadi ukawa huu tunaousimamia wima. Ujuzi wa nyumbani haukudharauliwa, nao utaalamu haukukataliwa. Ikiwa tuliweza kufanya hivyo kwa wimbo, hatuna sababu ya kushindwa kufanya hivyo kwa mtumbwi unaomvusha mtoto wa Chara kwenda shuleni.