Ugeni wa Sahani

Imekuwa itikadi ya watu wengi wa Kiamunyi, na wa Nakuru kwa jumla, kwamba mapishi ya Kithai ni chakula cha watu wa mbali kisichomwelekea mtu wa Bonde la Ufa, na kwamba mwenye kutoka kwake Jumapili jioni, akashika barabara ya kuteremkia mjini, akaketi mkahawani na kulipa ghali ili aletewe wali mweupe na mchuzi wa tui, hakupelekwa huko na njaa bali na maringo. Maneno haya husemwa kwa yakini kubwa, na aghalabu msemaji huwa ameshika chapati mkononi.

Basi na tuanze na hiyo chapati. Upishi wake ni wa Bara Hindi, nao ulienea huku bara pamoja na reli, iliyofika Nakuru mwaka 1900. Ama ngano yake, mlowezi Lord Delamere alipoipanda Njoro, jirani zetu hapa, mwanzoni mwa karne ya 20, iliangamizwa na ugonjwa wa kutu, hata ikabidi mbegu zizalishwe upya kwa kuchanganywa miaka mingi ndipo zipatikane zenye kustahimili. Na kituo cha kazi hiyo kikaanzishwa papo hapo Njoro mwaka 1927. Mahindi ya ugali nayo asili yake ni Amerika. Kwa hiyo anayesema "chakula chetu" husema kweli, ila ni kweli yenye umri mdogo kuliko anavyodhani, na sioni hujja ya kuwa lango lililopitiwa na ngano lifungwe mchaichai wa Wathai ulipobisha hodi.

Tena hao Wathai wenyewe hawakushushiwa mapishi yao kutoka mbinguni. Pilipili, ambayo pasipo hiyo hatuwezi kuwadhania wana jiko, ilitoka Amerika kama mahindi yetu, ikaenea mashariki baada ya Wareno, wale wale waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, kuitwaa Malaka mwaka 1511. Na ile sahani ya tambi za kukaanga iitwayo pad thai, inayoagizwa duniani kote kana kwamba ni urithi wa mababu, ilienezwa na serikali ya waziri mkuu Phibun, iliyolibadili jina la nchi kutoka Siam kuwa Thailand mwaka 1939, ikahimiza raia wale tambi, ambazo ufundi wake ni wa Wachina, kwa ajili ya kutia nguvu uzalendo. Ajabu ya mambo: uzalendo kwa tambi za jirani!

Lakini hujja iliyo nzito zaidi imo sokoni. Nenda soko la Wakulima na kikapu chako: tangawizi ipo, kitunguu saumu kipo, dania ipo, ndimu zipo, pilipili zimejaa, na nazi hupanda kutoka Pwani. Mtu wa Mombasa aliyezoea kuku wa kupaka, anayejua kulitenga tui zito na tui jepesi, kila moja likangoja zamu yake chunguni, na kuutia ukwaju kwa kiasi, hahitaji mkalimani mbele ya mchuzi wa Kithai. Atauliza tu habari ya maji ya samaki waliochachishwa, ambayo huchukua nafasi ya chumvi, kisha atakula. Hata namna ya kula haimtengi, maana Wathai huweka vyakula katikati ya meza, kila mtu akachota kwa zamu juu ya wali wake, ilhali sisi wa bara tumeshika kwa ukaidi desturi ya kila mtu na sahani yake, tukaiita ustaarabu. Wala hawali wali kwa vijiti, kama wanavyoaminishwa wateja wanaohangaika navyo huku punje zikidondoka mapajani. Hula kwa kijiko, uma ukisukuma, na vijiti ni vya tambi. Vipande vya mchaichai vinavyoelea katika supu si vya kutafunwa. Ni vya kutia harufu, kama kijiti cha mdalasini katika pilau.

Sisemi kwamba kila mkahawa unaoandika neno "Kithai" katika orodha yake unastahili fedha yetu. Wako wapishi ambao huchukua mchuzi wa nyanya wa chupa, wakautia sukari na tone la tui, wakautoza bei ya safari ya Bangkok. Hao ndio wenye kunufaika na itikadi ninayoipinga, kwa kuwa mteja aliyekwisha kuamini kwamba chakula hiki ni siri ya watu wa mbali hana kipimo cha kukihukumu. Ugali ukiletwa mbichi, huurudisha jikoni papo hapo na meneja akaitwa. Mchuzi mtamu kama uji wa mtoto, usio na ndimu wala pilipili, huumeza hadi mwisho, akalipa, akaacha na bahashishi, kisha akawaambia jirani zake wa Kiamunyi kwamba huko Thailand ndivyo wanavyokula.