Kifungu cha 17 Kiandikwe Upya

Mkenya aliyevamiwa kwa panga akamuua mvamizi wake, kisha akashtakiwa kwa mauaji, hupimwa kwa sheria isiyoandikwa katika vitabu vya Kenya. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu hakielezi ni lini mtu ana haki ya kujihami, wala kwa nguvu kiasi gani. Kinamwelekeza jaji kwenye misingi ya sheria za Uingereza zilizotokana na maamuzi ya mahakama za huko, basi. Kifungu hicho kimepitwa na wakati, na Bunge lina wajibu wa kukiandika upya.

Tanzania, iliyorithi kanuni kama hiyo kutoka kwa mkoloni yuleyule, iliandika vifungu vyake yenyewe mwaka 1980. Sheria yake inaruhusu nguvu ya kadiri inayohitajika tu, na inatamka wazi kwamba anayeua kwa kupita kiasi katika kujihami ana hatia ya kuua bila kukusudia. Jambo hili la mwisho si dogo. Uingereza haina ngazi hiyo ya kati: mwaka 1995, katika kesi ya mwanajeshi Lee Clegg, majaji wa juu kabisa walishikilia kwamba nguvu iliyopita kiasi haishushi mauaji kuwa kosa dogo zaidi. Lakini Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilishawahi, miaka ya 1950, kuwapunguzia kosa watu wa namna hiyo. Jaji wa Nairobi amfuate nani? Katika jambo linalotenganisha kifungo cha miaka kadhaa na adhabu ya kifo, swali hilo halifai kuachwa wazi.

Wapo watakaosema maamuzi ya majaji hunyumbulika kuliko maandishi ya Bunge. Ni kweli, na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilionyesha hivyo, ilipokubali katika rufaa ya askari polisi kwamba mshtakiwa apimwe kwa hatari aliyoamini kweli kuwa inamkabili. Ila mwananchi hawezi kujua mpaka wake kwa kungoja rufaa ya mwingine. Isitoshe, Uingereza yenyewe imeacha kutegemea majaji peke yao: iliandika kanuni hizo mwaka 2008, na mwaka 2013 ikamwongezea nafuu mwenye nyumba aliyevamiwa. Nafuu hiyo ilitungwa na bunge lao, si majaji, kwa hiyo ni vigumu kuona itamfikiaje mkazi wa Kayole.

Hofu nzito zaidi ni kwamba maandishi yatawapa kisingizio polisi wafyatuaji na makundi yanayomchoma mtu kwa kelele za “mwizi!” Kwa maoni yangu, ukimya wa sasa ndio unaowafaa. Kifungu kinachosema kwamba haki ya kujihami hukoma mshukiwa anapodhibitiwa kingewanyima hoja wote wawili, na kwa kuwa ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inalinda uhai, Bunge lisiendelee kuwaachia wageni kazi ya kuuwekea mipaka.