Kabla ya mashine, mbao zikauke

Mwandishi wa makala kuhusu biashara ya uchongaji amegusa vizuri suala la mtaji, ila mbao zenyewe kazipita mbio. Ni kweli uchongaji hulipa: mchongaji Mutisya Munge alirudi Wamunyu, Ukambani, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ujuzi wa kuchonga alioupata Tanganyika, na ufundi huo ukawa riziki ya kijiji kizima.

Jirani yetu hapa Changamwe naye alianza kwa kuchonga miiko Jumapili tu. Lakini oda yake kubwa ya kwanza, ya mabakuli, aliitengeneza kwa mwembe mbichi; wiki ya tatu kila bakuli lina ufa wa kuingiza ukucha. Alirudisha pesa zote. Siku hizi mkewe huandika kwa chaki tarehe ya kukatwa kwenye kila gogo, wanawe hupiga msasa, na gogo bichi haliguswi. Ndugu wasomaji mnaouliza mashine gani mnunue, anzeni na kibanda cha kukaushia mbao.