Kizuizi cha maji mlangoni: kinamlinda mtoto wako kwa kiasi gani?

Mama, mlezi, kama unaishi Kiwengwa unayajua masika. Mvua inapiga bati usiku kucha, asubuhi uwanja umegeuka dimbwi. Maji yakifika kizingitini, kitu cha kwanza kunyanyuliwa huwa godoro. Leo tunakuomba ufikirie kwanza tumbo la mtoto.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Tarehe 25 Aprili 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule, zilizozidishwa na El Nino, zilikuwa zimeshaua watu 155 nchini Tanzania. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikakaribia pwani yetu na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa.

Mitaro mikubwa ni kazi ya Serikali, na tuna haki ya kuidai. Lakini mtaro haujengwi kwa usiku mmoja. Ndiyo maana familia nyingi huuliza kuhusu vizuizi vya maji: mbao za mlangoni, viroba vya mchanga, na mirija inayojazwa maji. Vinasaidia, ila lazima ujue vinazuia nini na vinashindwa wapi.

Hatari kubwa imo ndani ya maji

Maji ya mafuriko yamepita chooni, jalalani na kwenye zizi la mbuzi kabla ya kufika kwako. Zanzibar inalijua somo hili. Kipindupindu kilichoanza Septemba 2015 kiliendelea hadi 2016, masika yakiwa katikati, na watu zaidi ya 4,000 waliugua.

Hivyo ubao mlangoni ni kifaa cha afya kabla ya kuwa kinga ya kochi. Unakupa muda wa kunyanyua ndoo ya maji ya kunywa, unga, dawa na chandarua kabla sakafu haijachafuka. Pengine utapata saa moja, pengine nne. Usitarajie zaidi ya hapo.

Kipi kinafaa Kiwengwa?

*Ubao wa mlangoni.* Ni ubao mzito au bamba la bati gumu, linaloteremshwa kwenye reli mbili za chuma zilizofungwa kando ya fremu. Pembeni na chini unawekewa mpira. Hata tyubu ya zamani ya tairi inafaa. Fundi seremala na fundi wa kuchomelea wanaweza kuutengeneza. Hutumika miaka mingi ukitunzwa, na kwa nyumba nyingi ndio chaguo la kwanza.

*Viroba vya mchanga.* Ni rahisi, lakini si vya kurudia bila mwisho. Jua hukausha na kupasua kiroba, na mchanga ulionyonya maji machafu hubaki na vijidudu. Jaza nusu tu, ili kilale vizuri na kibebeke. Mama mjamzito asibebe. Na mchanga usichimbwe ufukweni, kwa sababu fukwe hiyo ndiyo ngao yetu dhidi ya mawimbi.

*Mifuko inayovimba yenyewe.* Ndani yake mna unga unaonyonya maji. Maji ya chumvi huuzuia kuvimba inavyotakiwa, kwa hiyo karibu na bahari usiitegemee.

*Mirija mikubwa inayojazwa maji.* Hufanya kazi kwenye ardhi tambarare na laini. Juu ya mawe yetu makali ya matumbawe hutoboka kwa urahisi, na bei yake ni ya hoteli zaidi kuliko ya familia.

Ardhi yetu ina matundu

Anayeyajua mapango ya msitu wa Kiwengwa-Pongwe ameona jinsi maji yanavyolila jiwe letu. Jiwe la uwandani limejaa matundu. Mvua kubwa ikinyesha, maji huweza kupanda kutoka chini, yakapenya sakafuni na kwenye kuta ingawa mlango umezibwa vizuri. Kwa njia hiyohiyo, uchafu wa shimo la choo hufika kisimani.

Kwa hiyo ukiziba mlango, ziba pia tundu la choo na la bafu: weka tambara ndani ya mfuko, kisha tofali zito juu yake. Na kisima kilicho karibu na maji ya mafuriko kihesabu kuwa kimechafuka, hata maji yakionekana meupe.

Usishindane na uzito wa maji

Maji ya kina cha sentimita 50 nje ya mlango wenye upana wa sentimita 90 yanausukuma ubao kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100. Ukuta nao unasukumwa vivyo hivyo. Nchini Uingereza, wataalamu hushauri nyumba ya kawaida ya matofali isizuie maji yanayozidi sentimita 60. Nyumba ya mawe na udongo isifikishwe hata hapo. Maji yakiendelea kupanda, acha yaingie, na wewe toka na watoto.

Ubao uwe wa kimo ambacho mtu mzima anaweza kukiruka akiwa na mtoto mkononi. Usizibe mlango pekee wa kutokea wakati watoto wamelala ndani.

Maji ya jirani

Maji uliyoyazuia hayapotei. Ukipanga viroba kukata njia, yanaelekea kwa bibi wa nyumba ya chini. Pwani ni hivyohivyo: ukuta mgumu mbele ya jengo moja huongeza nguvu ya mawimbi pembeni yake, na mchanga wa jirani ndio unaoondoka. Mwenye fedha hujikinga, asiye nazo hupokea maji ya wote wawili.

Hapa tunakutaka uwe na sauti. Kabla ya masika, mwombeni sheha aitishe kikao cha mtaa. Semeni wazi: maji yapite wapi, mtaro upi umejaa taka, nani ana mgonjwa au mtoto mchanga, ukuta upi unawarudishia maji wengine. Kina mama wa mtaa mmoja wakichangishana, fundi anaweza kutengeneza mbao za nyumba kadhaa kwa pamoja kwa gharama nafuu. Mtaa uliopanga pamoja unalindika kuliko nyumba moja iliyojifungia.

La kufanya

*Kabla ya mvua:*
- Fuatilia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.
- Jaribu ubao mchana, kukiwa kukavu. Usiku wa mvua si wakati wa kujifunza.
- Weka juu maji safi, pakiti za chumvichumvi (ORS), dawa na kadi ya kliniki ya mtoto.

*Maji yakija:*
- Zima umeme kwenye swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Kama maji yameshaifikia, usiiguse.
- Watoto wasicheze kwenye maji. Dimbwi dogo linatosha kumzamisha mtoto anayetambaa.

*Maji yakiondoka:*
- Osha kizuizi kwa sabuni, kisha kwa Jik: kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Kiache dakika kumi, suuza, anika juani. Vaa glovu au mifuko mikononi. Kizuizi kinachorudi stoo na tope kitaleta uchafu uleule msimu ujao.
- Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au tumia dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelezo yake.
- Chakula kilichoguswa na mafuriko kitupe, hata kama kinauma.
- Mwaga maji yaliyotuama, na watoto walale ndani ya chandarua.

Mtoto akiharisha

Changanya pakiti moja ya ORS kwenye maji safi na umnyweshe kidogokidogo. Ikiwa pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi vitamsaidia mkiwa njiani. Endelea kumnyonyesha. Kituoni uliza pia kuhusu vidonge vya zinki.

Usisubiri asubuhi ukiona moja ya haya: kinyesi kama maji ya mchele, damu kwenye choo, macho yamebonyea, analia bila machozi, amelegea, anatapika kila kitu au hawezi kunywa. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Akiwa na homa, apimwe malaria.

Godoro litakauka. Likiharibika, litanunuliwa jingine. Usiku maji yakigonga kizingiti, teremsha ubao, nyanyua ndoo ya maji safi, halafu mbebe mtoto. Vingine vitafuata.