Anayeuza Dawa Ajifunze Habari za Kansa ya Matiti



Mama wa hapa Kirungu akigusa uvimbe katika titi lake, huenda wapi kwanza? Mara nyingi si hospitali. Huenda kwenye duka la dawa lililo karibu na soko, maana huko hangoji sana, tena hahitaji kufungua nguo mbele ya mtu. Kijana anayeuza humpa vidonge vya maumivu, au vya kuua vijidudu, naye hurudi nyumbani ametulia. Miezi inapita, na uvimbe unakua.

Kwa sababu hii nasema: kijana anayejifunza kazi ya dawa, ikiwa ni katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi au katika shule ndogo, asipewe cheti kama hajui dalili za kansa ya matiti. Wengine watajibu, "Hiyo ni kazi ya daktari." Ni kweli, kupima na kupasua ni kazi ya daktari. Lakini ni nani anayemwona mama huyu kwanza?

Dalili ni hizi:

1. Uvimbe mgumu katika titi au kwapani. Mwanzoni mara nyingi hauumi, na hapo ndipo unapodanganya watu.
2. Ngozi kuvutika ndani, au kuwa kama ganda la chungwa.
3. Chuchu kuingia ndani, au kutoa damu.
4. Kidonda cha chuchu kisichopona.

Si kila uvimbe ni kansa. Nyingi si kansa. Lakini kujua ni mpaka kipande kidogo cha uvimbe kitolewe na kutazamwa kwa darubini. Duka halina darubini hiyo.

Mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani walionekana kuwa na ugonjwa huu, na 670,000 walikufa kwa ajili yake. Shirika la Afya Duniani lataka ugonjwa ujulikane katika siku 60 tangu mama aende kutafuta msaada. Basi aliyemeza vidonge vya dukani miezi sita amepoteza siku hizo mara tatu.

Tena kazi ya mwenye dawa haiishi hapo. Wagonjwa wengine, baada ya kupasuliwa, hupewa tamoxifen, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Mama akijisikia mzima hutaka kuacha. Nani atamwonya, kama si yule anayempa?

Basi, wewe mzazi uliye na mtoto katika masomo ya dawa, mwulize jioni ya leo: "Mwanangu, mama mwenye uvimbe akija kwako, utamwambia nini?" Jibu jema ni fupi: "Mama, dawa yako haiko hapa. Nenda hospitali leo."

Nawe mama, ukijibiwa hivyo, usikasirike kwamba umenyimwa dawa. Kijana huyo amekusaidia kuliko yule aliyepokea fedha zako.