Mpangaji Aliyefichwa

Wapo walimu wenzetu wafundishao Maandamano ya Washington ya tarehe 28 Agosti 1963 kana kwamba watu 250,000 walijitokeza wenyewe kama kumbikumbi baada ya mvua. Hutajwa Martin Luther King na hotuba yake. Bayard Rustin, aliyeyapanga kwa miezi miwili hivi, tangu mabasi hata vyoo, hatajwi. Ukiuliza sababu, huambiwa kuwa mtu yule alipenda wanaume wenzake, na mambo ya chumbani si historia.

Jibu hilo halina kichwa wala miguu. Walioyatoa chumbani mambo hayo si sisi. Mwaka 1953 Rustin alifungwa huko California kwa sababu hiyo. Mwaka 1960 mbunge Adam Clayton Powell alitishia kumzushia uongo yeye na King. Naye King, aliyeshauriwa na Rustin tangu mgomo wa mabasi wa Montgomery, akakubali ajiuzulu. Mwaka 1963 Roy Wilkins alikataa Rustin asiwe mkuu wa maandamano, ndipo mzee A. Philip Randolph alipoutwaa ukuu mwenyewe, kisha akamfanya Rustin naibu wake. Seneta Strom Thurmond alipomwaibisha mbele ya Seneti, Randolph hakumtupa. Basi mwalimu afichaye jambo hili ataelezaje kwa nini mpangaji aliitwa naibu?

Nasi tuna deni letu. Rustin huyo huyo alikuja Dar es Salaam mwaka 1962, Tanganyika ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, akashirikiana na Bill Sutherland na Kasisi Michael Scott. Walikusudia kuongoza watu wasio na silaha wavuke mpaka kuingia Rhodesia ya Kaskazini, kumwunga mkono Kenneth Kaunda. Safari haikufanyika, maana chama cha Kaunda kiliingia katika uchaguzi wa Oktoba mwaka ule. Yamkini ndiyo sababu imesahauliwa. Lakini twajisifu kila siku kuwa Dar es Salaam ilikuwa makao ya wapigania uhuru, na huyu naye alikuwamo.

Baadaye Rustin alikuwa miongoni mwa viongozi wa International Rescue Committee, shirika lililowahudumia wakimbizi katika kambi za Kibondo na Kasulu, jirani zetu hapa Nyabibuye. Atakaye jina lake lifutwe vitabuni, na aje kwanza awaeleze wakimbizi hao kosa lake.